Siku Kaka Yangu Alipomtazama Mkwewe

Kaka yangu Yonathani hufunika mdomo anapocheka. Ni mzee sasa na bado anafanya hivyo. Kiganja kinapanda chenyewe hata akiwa peke yake na redio. Mama yetu alitufundisha kwamba kinywa cha mtu ni kama chumba cha kulala, hakifunguliwi mbele ya kila mgeni. Mimi somo hilo lilinipita. Kwake lilikaa hadi leo.

Ukiwauliza watu wa huku kwetu, upande wa Magamba, juu ya Lushoto, watakutajia kwanza miti yake ya mapeasi, halafu adabu yake. Ni mzee wa kanisa. Buti za shamba anazivua nje hata kama mvua inanyesha. Akikutana na mtoto njiani anasimama, anapokea shikamoo yake kwa uzito wote, ndipo anaendelea na safari. Zamani akiwa mpasua mbao, wenzake walimtania kwamba hata gogo analiomba radhi kabla ya kulipasua. Nampenda kaka yangu. Lakini adabu yake imenichosha tangu utotoni, na mwaka huu ninaousimulia ilinitia hasira ambayo haijaisha yote.

Nyumbani kwake kulikuwa na sheria aliyoirithi kwa wazazi wetu: mke wa mwanao haonyeshi kinywa chake mbele yako. Hali chakula ukimwona, hapigi miayo, hacheki meno nje. Akikuletea chakula anapiga goti, anageuza uso pembeni na kuvuta kitenge mpaka karibu na macho. Nawe baba mkwe unatazama kwingine, humkodolei. Nyumba nyingi za milimani zimeshaachana na mambo hayo. Kwangu mimi, wakwe zangu wanakula nami sufuria moja na kunicheka nikipitiwa na usingizi kwenye kiti. Kwa Yonathani sheria ilibaki, na mkewe Efrazia, wifi yangu, ndiye aliyeilinda.

Mwana wao Zabron alimwoa Evodia, binti wa Bumbuli. Zabron alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya chai upande wa Amani, analala chumba kimoja na vijana wenzake, kwa hiyo mke akaachwa kwa wazazi mpaka mambo yakae sawa. Binti huyo alikuja na kicheko kikubwa kweli. Mara ya kwanza nilikisikia nikiwa ng'ambo ya bonde, nikauliza ni nani huyo aliyeleta uhai kwenye ile nyumba iliyo kama kanisa. Ndani ya muda mfupi kicheko kikapungua. Sheria ilikuwa imeanza kumkaa.

Kisha akapata mimba, na sote tukafurahi. Mimba ilipokuwa imeshaonekana wazi, gego lake la chini likaanza kuuma.

Haya nimeyajua baadaye, Evodia mwenyewe akinisimulia. Alimwambia mama mkwe siku ileile jino lilipomwamsha. Efrazia akamwangalia, akaona tundu jeusi, akatikisa kichwa. "Mjamzito haguswi jino," alimwambia. "Likitoka jino, na mimba inatoka. Vumilia mwanangu, utajifungua salama, kisha tutaling'oa."

Msimwone wifi yangu kuwa mtu mbaya. Mdogo wake aliyeolewa Mazinde, huko chini barabarani, aling'olewa jino akiwa mjamzito, na wiki ileile mimba ikaharibika. Efrazia ndiye aliyemwogesha mdogo wake na kufua zile nguo. Kitu ulichokifua kwa mikono yako hakuna atakayekuambia hukukiona. Basi alimtibu mkwewe kwa mapenzi yake yote: karafuu iliyosagwa ikashindiliwa kwenye tundu, maji ya chumvi, ugoro kidogo, na kitambaa cha moto shavuni asubuhi na jioni. Maumivu yakapoa, yakarudi. Shavu likaanza kujaa.

Sasa sikilizeni jambo linalonikera mpaka leo. Shavu lilipojaa, Evodia aliona aibu, akavuta kitenge zaidi. Mwanzoni alikuwa akikivuta mbele ya baba mkwe tu. Sasa akawa anakivuta mbele ya kila mtu. Makande yalimshinda kutafuna, akawa anakunywa uji peke yake jikoni. Kuongea kulimuuma, akawa anaitikia kwa kichwa. Na watu wakamsifu! Kinamama wa kwaya walipita pale wakatoka wakisema Efrazia amebahatika, mkwe wa siku hizi asiye na mdomo, anayejistahi namna ile. Kliniki ya wajawazito Efrazia alimsindikiza, na muuguzi alipouliza kama kuna tatizo lolote, akajibu yeye: hakuna. Zabron akipiga simu anaambiwa mkewe amepumzika. Yonathani mwenyewe alimwambia mchungaji, nikiwepo, kwamba katika maisha yake hajaona binti aliyelelewa vizuri kama yule. Alisema kwa furaha, kiganja mdomoni.

Binti alikuwa anaoza kwa usaha taya zima, na nyumba nzima inamsifia malezi.

Asubuhi ambayo mambo yaliharibika nilikuwa nimekuja kuchukua mbegu za maharage. Ukungu ulikuwa bado umekaa bondeni na nguo zangu zimelowa umande hadi magotini. Nilimkuta kaka amekaa kwenye benchi lake nje, ametoka kumaliza sala ya asubuhi, Biblia iko bado pajani. Efrazia alikuwa amekwenda kuteka maji.

"Onga makeo, kaka," nilimsalimia kwa lugha yetu. "Shikamoo."

"Marahaba, Eliza. Kaa, uji unakuja."

Evodia akatoka jikoni na trei. Nilishtuka jinsi anavyotembea. Alikuwa anaweka mguu chini taratibu, anatafuta ardhi ilipo. Akapiga goti mbele ya kaka yangu, akageuza uso kama ilivyo desturi, na pale pale mikono ikamwisha nguvu. Trei ikaanguka, uji ukamwagika, naye akaegemea mguu wa benchi. Kitenge kikadondoka.

Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba mpaka jicho linafumba. Uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya kidevu na kujaza shingo, ngozi inang'aa, nyekundu. Kinywa kilikuwa wazi kidogo tu, hakifungi, hakifunguki. Mate yalikuwa yanamtiririka kifuani kwa sababu hawezi kumeza. Harufu iliyotoka pale sitaisahau. Alikuwa anavuta pumzi kwa shida, na kila pumzi ina sauti.

Na kaka yangu akageuza uso.

Nasema kweli, niliona kwa macho yangu. Mkwe wake yuko chini, kinywa chake kiko wazi, naye Yonathani akageukia miti ya mapeasi, kwa adabu. Hakuwaza. Mwili wake ulifanya kile ulichozoea kufanya miaka yote.

"Kaka!" nilipiga kelele. Sikuwa nimewahi kumpigia kelele kaka yangu mkubwa, wala sijarudia. "Mtazame! Mtazame huyu mtoto anakufa!"

Akageuka. Akamtazama. Kwanza alitazama kama mtu anayeiba, kwa pembe ya jicho, halafu akamtazama moja kwa moja, na sura yake yote ikabadilika. Biblia ikaanguka kwenye uji. Akapiga magoti, akakishika kichwa cha Evodia kwa mikono miwili. "Mwanangu," alisema. "Mwanangu, tangu lini?"

Hakuweza kumjibu. Alimtazama tu, machozi yanateremka na mate.

Efrazia alirudi na ndoo kichwani akatukuta hivyo. "Msimpeleke kwa wang'oa meno!" alilia. "Baba Zabron, mimba! Nakuomba, mimba!" Nilishamwita Twaha, kijana wa bodaboda anayekaa jirani, akaja na pikipiki yake hadi uani.

Evodia hakuweza kukaa peke yake nyuma ya dereva. Ilibidi mtu akae nyuma yake amshike. Nilisogea nikae mimi, kaka akanizuia kwa mkono. Akapanda yeye. Mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuwahi hata kupokea kikombe moja kwa moja kutoka mkononi mwa mkwewe, alimkumbatia kifuani mwake, akakilaza kile kichwa kilichovimba begani kwake, na wakashuka barabara ya Lushoto hivyo, mbele ya watu wanaokwenda sokoni na makabichi yao. Mate na usaha vilimlowesha shati. Twaha aliniambia njia nzima kaka alikuwa anarudia maneno yaleyale tu: vuta pumzi, mwanangu, vuta pumzi.

Mimi nilifuata na pikipiki nyingine. Nilipofika hospitali walikuwa wameshampokea. Walimlaza kwa ubavu, kichwa juu, wakamtundikia dripu na dawa, na mkunga akaja kusikiliza mapigo ya mtoto. Alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule. Akabadilisha mahali. Akaita daktari aje na mashine ya picha. Wakatazama pamoja, wakaongea chini chini. Mimi na kaka tulikuwa tumesimama mlangoni. Nilipouona uso wa mkunga, nilielewa.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke, anaitwa Jenoveva, mtu wa Tanga. Alitutoa nje, akatukalisha, akatusemesha kwa upole.

"Baba, nina mambo mawili mazito. Mtoto aliyeko tumboni ameshafariki. Poleni sana. Mapigo hayapo, na picha imethibitisha. La pili, mama mwenyewe yuko hatarini. Usaha umetoka kwenye jino umeingia chini ya ulimi na shingoni. Ukizidi kidogo utaziba njia ya hewa. Nataka nipasue sasa hivi niutoe, na jino nilitoe."

Kaka akauliza, "Jino mmeshaligusa?"

"Hapana, baba. Hatujagusa chochote."

"Mtoto amefariki kabla."

"Kabla. Damu ya mama ilishaingiwa na ugonjwa, homa imepanda siku nyingi. Siwezi kukuapia kila kitu, lakini ugonjwa wa namna hii unaweza kuua mtoto tumboni, na tumeuona ukiua."

"Na kama angekuja jino lilipoanza kuuma?"

Dokta Jenoveva alimtazama kwanza, nadhani anapima kama mzee huyu anataka jibu kweli. "Tungemchoma ganzi, ambayo haimdhuru mtoto. Tungelitoa jino, tungempa dawa zinazomfaa mjamzito, na angerudi nyumbani siku hiyohiyo. Tunawatibu wajawazito, baba. Wanachelewa tu kuja."

Kaka akainamisha kichwa. Alilia, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona akilia bila kufunika mdomo.

Evodia alipona. Haikuwa rahisi, walimpasua chini ya kidevu, wakaweka mrija wa kutoa usaha, na alikaa wodini muda mrefu. Mtoto alitoka wakati yeye bado hajaweza kuongea. Alikuwa wa kiume. Zabron alifika kutoka Amani akiwa na viatu vya kazi miguuni, akamchukua mwanawe kwenye khanga, na yeye na baba yake wakamzika nyuma ya nyumba, kwenye mapeasi.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia, maana kijiji kilishapata habari yake na kuipanga upya. Kwamba mkwe wa Yonathani alipelekwa kung'olewa jino, mimba ikaharibika. Mnaona? Tulisema. Kinamama walewale wa kwaya waliosifu kitenge wakawa wanaonyana kisimani: ukiwa mjamzito, jino livumilie. Na aliyekuwa anasimulia hivyo kuliko wote alikuwa wifi yangu Efrazia. Alisimulia akilia. Nilimkatiza siku moja, nikamwambia wifi, mtoto alikufa kabla, nilikuwepo. Akanitazama kwa macho ambayo yalinifunga mdomo, mimi ambaye hakuna anayenifunga mdomo. Niliona kwamba anajua. Kama si jino lililomuua mjukuu wake, basi ni zile karafuu, ni kile kitambaa cha moto, ni neno lake "vumilia". Hawezi kulala na jambo hilo. Jino lilikuwa linamsaidia kulala.

Kaka naye aliona. Wamekaa pamoja tangu ujana wao, anamjua mkewe. Alikuja kwangu jioni moja akakaa, akanywa chai.

"Nikimwachia Efrazia maneno yake," alisema hatimaye, "anapata amani. Lakini Evodia ni kijana. Atabeba mimba nyingine hapahapa, miongoni mwa wanaosema hivyo. Na mabinti wengine je?"

"Unaniuliza mimi?" nilimjibu. "Mimi ningeshawapigia kelele wote."

"Wewe ndiyo maana sikuulizi," alisema, na nusura acheke.

Jumapili iliyofuata, baada ya mahubiri, wazee walipoinuka kutoa matangazo, akasimama yeye. Nilikuwa benchi la tatu. Efrazia alikuwa mbele yangu, na nilimwona mgongo unavyokaza.

"Ndugu zangu," alisema kaka, "mnasema mjukuu wangu aliuawa na koleo la daktari. Mimi nilikuwepo. Moyo wa mtoto ulikuwa umeshanyamaza, na koleo halijaguswa. Mtoto aliuawa na usaha. Usaha huo ulikaa nyumbani kwangu. Uliniletea uji kila asubuhi, ukapiga goti mbele yangu, na mimi nikatazama miti. Nikauita adabu. Nikamsifu binti mbele ya mchungaji." "Kosa ni langu, mimi mwenye nyumba. Msimtafute mwingine. Lakini kama nyumbani kwako kuna mjamzito, mwambie afungue kinywa, umtazame. Akiumwa jino, mpeleke Lushoto. Wanawatibu. Nimewauliza mwenyewe. Sheria ile nyumbani kwangu imekwisha."

Akakaa. Mtoto mmoja akakohoa, na mchungaji akainuka kuomba. Efrazia hakugeuka. Walirudi nyumbani kila mtu na njia yake, na muda mrefu baadaye hakumsemesha mumewe zaidi ya chakula tayari na usiku mwema. Kaka hakuwa amemtaja. Lakini yeye alijisikia ametajwa, na nani angemlaumu.

Zabron aliacha kazi ya chai akarudi kulima na baba yake. Wakaanza kula wote meza moja, Evodia naye, mwanzoni amekaa pembeni ya kiti kama anayetaka kukimbia. Lile kovu la chini ya kidevu linaonekana. Kicheko hakikurudi chote, na sitawadanganya kwamba kilirudi. Baada ya muda akapata mimba nyingine.

Niseme mapema ili msikae na wasiwasi: mtoto huyo yuko, ni wa kike, anatambaa na kula udongo. Ninachotaka kuwasimulia ni asubuhi moja kabla hajazaliwa.

Tulikuwa uani, mimi na Efrazia tunamenya viazi, kaka yuko kwenye benchi lake. Evodia akatoka jikoni mikono mitupu. Akaja hadi mbele ya baba mkwe, akapiga goti kwa mazoea.

"Tate," alimwita, baba, kwa lugha yetu. Hakuwahi kumwita hivyo. "Jino jingine linauma. Tangu jana."

Na akafungua kinywa. Akakifungua chote, kichwa nyuma, macho yamefumbwa, mbele ya jua na mbele yetu sote.

Kaka yangu hakugeuka. Alimshika kidevu kwa vidole viwili, akamwelekeza kwenye mwanga, akatazama. Alitazama taratibu, jino kwa jino.

"Naliona," alisema.

Nikamgeukia wifi yangu. Kisu kilikuwa kimesimama kwenye kiazi. Midomo yake ilikuwa inacheza, na nikaogopa neno ambalo lingetoka, nilishajiandaa kugombana. Aliweka kiazi kwenye beseni, akajifuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani. Alitoka na viatu vya Evodia vya safari. Akainama, na magoti yake yanamuuma siku zote, akapiga goti kwenye udongo mbele ya mkwewe, akaanza kumvalisha kiatu cha kushoto.

"Inuka mwanangu, twende," alisema. "Jua bado changa, tutamkuta daktari."